Mara Kumi na Nne Chumba cha Eksirei

“Dada, mtandao wa huku eksirei umekata tena.”

“Leo si wako peke yako, kaka. Umekata hospitali nzima.”

“Nzima?”

“Nzima. Maabara, mapokezi, duka la dawa, kote. Una mgonjwa hapo?”

“Nina mtoto kavunjika mkono. Picha nimeshapiga, daktari anaisubiri kwenye kompyuta yake kule upasuaji, na haiendi.”

“Mwite daktari aje aione hapo hapo kwenye mashine yako. Miguu haihitaji mtandao. Mimi naanza kutafuta.”

Akakata simu. Mambo yanaungua, yeye kwanza kauliza mgonjwa. Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa akimkosesha mpiga eksirei usingizi kwa miezi mitatu.

Pale kazini walimwita Zima-Washa, maana ukimpigia simu swali lake la kwanza ni lile lile: “Umezima ukawasha?” Na mpiga eksirei waliwahi kumbatiza Vuta Pumzi, kwa sababu kutwa nzima anawaambia wagonjwa wavute pumzi na wasitikisike. Majina yao halisi yalibaki kwenye karatasi za mshahara.

Jamani, kupenda kupo. Dada huyu alikuwa fundi pekee wa kompyuta zaidi ya mia, printa zenye ubishi wa kila aina, na madaktari wanaosahau paswadi kila Jumatatu. Na hamcheki mtu. Siku moja daktari bingwa alimwita mbio eti skrini yake imekufa, kumbe hajaiwasha. Zima-Washa akabonyeza kitufe, akasema, “Hizi skrini nazo zina maringo, daktari,” akaondoka zake bila kumwaibisha mzee wa watu. Vuta Pumzi alikuwepo, akayaona kwa macho yake, na siku hiyo ndiyo akaisha kabisa.

Sasa mwanamume mzima, badala ya kufungua mdomo, akafanya nini? Akawa anachomoa waya. Akimkumbuka sana, anaingia chini ya meza, anachomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta yake, kisha anapiga simu kwa sauti ya huruma. Zima-Washa anakuja, anauchomeka, wanapiga soga dakika kumi, anakwenda zake. Mara kumi na tatu alifanya mchezo huo.

Mara ya kumi na nne ikamtokea puani. Alikuwa ameshika ncha ya waya mkononi, mara mkurugenzi wa hospitali anapita mlangoni na wageni wawili. Wageni wenyewe walitoka kampuni ya nje, walikuja kuomba wapewe kazi ya Zima-Washa. Kwa hofu, Vuta Pumzi akaisukuma ile ncha kwenye tundu la kwanza aliloliona, kwenye kile kisanduku cha taa ndogondogo kinachogawa mtandao chumbani. Ncha ya pili ya waya huo huo ilikuwa tayari kwenye kisanduku hicho hicho. Dakika moja baadaye hospitali nzima ikasimama, na yeye, akipiga ile simu ya mwanzo, hata hakujua kama ndiye.

Zima-Washa alifika eksirei baada ya nusu saa, jasho linamtiririka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa amelipitia jengo kipande kwa kipande: anazima kimoja, anatazama taa, anawasha, anasogea kingine. Wauguzi walimzonga, mkurugenzi alimpigia mara saba, naye aliwajibu wote kwa upole neno moja tu, “Natafuta.”

“Inatokea huku kwako,” akasema, akapiga magoti chini ya meza.

Akachomoa ncha moja. Taa zilizokuwa zinapepesa kama zimechanganyikiwa zikatulia. Simu yake ikalia papo hapo.

“Umerudi, dada! Umerudi! Mungu akubariki!” Ilikuwa mapokezi, na nyuma yao watu wanashangilia.

Vuta Pumzi alimtazama kwa mapenzi ya waziwazi. Lakini Zima-Washa alikuwa ameshika ule waya.

“Ncha zote mbili zilikuwa kwenye kisanduku kimoja. Ujumbe unatoka hapa, unarudi hapa hapa, unazunguka mpaka mtandao wote unasongwa. Nani kauchomeka hivi?”

Vuta Pumzi akaona akisema ukweli, ndiyo amempoteza.

“Labda... labda mama wa usafi. Asubuhi alipiga deki humu.”

“Mama wa usafi?”

“Nadhani.”

“Sawa.”

Akatoka, hata kwaheri hakuna. Baada ya muda ujumbe ukaingia:

“Naitwa kwa mkurugenzi. Wageni wako humo humo. Tafadhali usinitafute tena.”

Vuta Pumzi akampigia mama yake.

“Mama, nimeharibu.”

“Umempa mtu mimba?”

“Mama!”

“Sema basi, nina sufuria jikoni.”

Akamweleza yote, tangu waya wa kwanza. Upande wa pili sufuria ikawekwa chini kwa kishindo.

“Yaani mwanangu, niliyekuzaa mimi, unamsingizia mama wa watu, rika langu, anayekusafishia chumba? Na binti wa watu anataka kufukuzwa kazi? Sasa bado uko kwenye simu unafanya nini?”

Akamkatia.

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi nusu. Zima-Washa alikuwa amesimama, wageni wamekaa. Mkurugenzi alikuwa anafunua daftari kubwa, lile ambamo dada huyu huandika kila hitilafu kwa mkono wake: tarehe, chumba, sababu.

“Kazi safi, sikatai. Lakini eksirei, eksirei, eksirei! Pamoja na leo mara kumi na nne, na sehemu ya sababu umeiacha tupu kila mara. Hujui, au unaficha?”

Zima-Washa akachomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha.

“Kama hujui, nitakuachaje na hospitali yangu? Na leo waya kauchezea nani?”

“Nimetajiwa mtu, mkurugenzi, lakini simtaji. Siamini kama ni huyo.”

“Ni mimi,” akasema Vuta Pumzi kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Alipiga moyo konde, akaingia.

“Mara zote kumi na nne ni mimi. Mama wa usafi hahusiki, nimemsingizia. Na huyu dada hana kosa lolote.”

“Ulikuwa unachomoa waya kwa nini?”

“Nilitaka aje.”

“Nani aje?”

“Yeye.”

Mgeni mmoja akajifanya anakohoa. Mkurugenzi akavua miwani.

“Umesimamisha hospitali yangu kwa sababu ya mapenzi?”

“Kuisimamisha ni bahati mbaya, mkurugenzi. Zile kumi na tatu ndiyo mapenzi.”

Mkurugenzi akawageukia wageni.

“Hebu niambieni, huyu kaliona kosa ndani ya nusu saa, peke yake. Nyinyi mngechukua muda gani?”

Yule aliyekuwa anakohoa akaguna.

“Jengo lote hili? Kusema kweli, mzee, siku nzima. Labda mbili.”

“Basi asanteni kwa kufika.” Kisha akamnyooshea Vuta Pumzi kidole. “Wewe, barua ya onyo. Na Ijumaa, mbele ya wafanyakazi wote, utamwomba radhi mama wa usafi.”

Nje, kwenye korido, Vuta Pumzi alimkimbilia Zima-Washa.

“Dada, nisamehe.”

“Nilijua tangu mara ya tatu.”

“Ulijua?”

“Ule waya una kilimi cha plastiki pale kwenye ncha. Hautoki mpaka mtu akibonyeze kwa kidole. Nikasema kama ni panya, basi panya huyu ana vidole.”

“Sasa mbona hukuandika?”

“Uongo siwezi kuandika, na ukweli nilitaka uniambie mwenyewe.” Sauti ikamlegea. “Na nilikuwa napenda kuja. Nikiona namba ya eksirei kwenye simu, nafurahi kama mjinga. Lakini leo umemtupia kosa lako mama mtu mzima asiye na wa kumtetea. Siku tukigombana nyumbani, utamtupia nani? Mtoto?”

Vuta Pumzi akamwangalia akiondoka, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Ijumaa alisimama mbele ya watu, akasema kosa lake lote, hakupunguza kitu. Mama wa usafi akamsikiliza akiwa ameshika kiuno.

“Nimekusamehe, mwanangu. Ila chumba chako utakipiga deki mwenyewe mwezi mzima.”

Watu wakavunjika mbavu. Na kweli, kila asubuhi alionekana ameinama na tambara lake. Zima-Washa alipita mara nyingi tu, akaona, akaendelea na safari yake. Eksirei hakukuharibika kitu mwezi mzima, na hakuna mtu aliyewahi kuumia hivyo kwa sababu vitu vyake vinafanya kazi.

Mwezi ulipoisha, akanyanyua simu.

“Kitengo cha kompyuta, habari.”

“Nzuri. Huku ni eksirei.”

“Kuna tatizo gani?”

“Hakuna. Kompyuta inawaka, printa inachapa, waya uko mahali pake. Hakuna kilichoharibika, dada. Naomba tu uje.”

“Nije kufanya nini?”

“Nikwambie nakupenda.” Akashtuka. “Basi nimeshakwambia. Lakini njoo.”

Akamsikia anacheka. Alikuwa hajamsikia akicheka mwezi mzima.

Alikuja mikono mitupu, mkoba wa vifaa ameuacha ofisini. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akamtazama moja kwa moja.

“Baba yangu mkali.”

“Nitamweleza kila kitu. Hata waya.”

“Nimeshamweleza. Alicheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka, akauliza kama kweli ulimwomba radhi yule mama mbele za watu. Nikamwambia aliomba, na deki alipiga mwezi mzima bila kukosa hata siku moja.”

“Ulikuwa unahesabu?”

“Nyamaza nimalize. Akasema Jumamosi.”

“Jumamosi kuna nini?”

“Mje nyumbani. Wewe na mama yako.”

Vuta Pumzi alibonyeza namba ya mama yake mara mbili akikosea.

“Mama, Jumamosi una kazi?”

“Umeharibu nini tena?”

“Tunakwenda kwao, mama. Baba yake kasema twende.”

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile vilisikika hadi kwenye benchi la nje. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri picha ya goti akachungulia mlangoni.

“Vipi humu, majibu ya mtu yametoka mazuri?”

“Mazuri, baba,” Zima-Washa akamjibu, huku anajifuta machozi. “Mazuri sana.”