Bunduki Iliyooshwa

Virgil Skaggs alikuwa amelala chali katikati ya karakana yake, miguu ikielekea jiko la kuni. Shati lake la drafti lilikuwa na tundu moja upande wa moyo. Miwani yake ya kazi ilikuwa bado usoni, na kahawa yake mezani ilikuwa haijaguswa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na kesho yake msimu wa kulungu unafunguliwa. Siku hiyo mji wetu wa Bramlett haukaliki. Shule imefungwa, watu wazima wanacheka ovyo dukani kama watoto, na kila gari lina fulana ya rangi ya chungwa imetupwa kiti cha nyuma. Kama kuna siku ambayo fundi bunduki hapaswi kufa, ni hiyo.

Inspekta Lorna Tackett aliruka fito za uzio badala ya kuzunguka getini. Ndiye mpelelezi pekee wa kaunti nzima. Alimfahamu Virgil tangu utotoni na alimhuzunikia kwa dhati, lakini mbele ya fumbo damu yake huchemka, na hajawahi kujifanya vinginevyo.

"Umechelewa," Sherifu Gentry alimwambia mlangoni. "Kesi imekwisha."

"Imekwisha vipi nami sijaanza?"

"Mkwe wake, Travis Hobbs. Tumemkuta amepiga magoti juu ya maiti, damu mpaka viwikoni. Na jana mgahawani, mbele ya watu wote, alimtishia mzee."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Nitakupiga risasi siku hii bunduki uliyoniharibia itakapokubali kulia.' Watu wakacheka. Leo hawacheki."

"Na silaha?"

Gentry aliuonyesha ukuta uliojaa bunduki kutoka pembe hadi pembe. "Chagua mwenyewe. Jioni nampeleka kwa mwendesha mashtaka wa jimbo, na huko wana sindano ya kifo kwa watu kama yeye."

Nje, Travis alikuwa amekaa kwenye kisiki, mikono imefungwa pingu. Kando yake alisimama mkewe Nadine, binti wa marehemu, koti limevaliwa juu ya nguo ya kulalia. Alipomwona Lorna hakulia.

"Asubuhi nimempoteza baba," alisema. "Usiniambie jioni nampoteza na mume."

Lorna alivaa glavu akaingia ndani.

Kazi ya Virgil ilijulikana hadi majimbo ya jirani. Bunduki za Kirusi za nusu-otomatiki, za risasi na za marisau, zilikuja dukani zimevaa sura ya kiwindaji, na vitako virefu vya mbao. Yeye alizivua. Alisogeza kifyatulio mbele, akaweka kishikio kama cha bastola, kitako cheusi chepesi, darubini na kurunzi. Vitako vya zamani ambavyo wateja hawakuvitaka tena alivitupa ndani ya jiko la kuni, kwa hiyo karakana yake ilikuwa na joto la bure mwaka mzima.

Kwanza Lorna aliona ganda la risasi chini ya meza. Lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya kijani, la zile risasi za jeshi za zamani zinazouzwa bei ya kutupa. Watu wa Bramlett huzitumia kujaribia tu, maana baruti ya kuwashia ina chumvi. Ukipiga moja usioshe bunduki, kesho asubuhi unakuta kutu.

Alianza kuzipitia bunduki moja baada ya nyingine. Alizinusa, akamulika mitutu, akapitisha kitambaa cheupe. Zote zilikuwa na vibandiko vya majina ya wenyewe, na zote zilitoa vumbi la duka.

Kisha akafika kwenye moja isiyokuwa na kibandiko.

Kitambaa kilitoka na mafuta mabichi. Ndani mtutu uling'aa. Aliifungua: pistoni safi, na bomba la gesi, lile linalopitisha moshi wa baruti, safi pia. Aligeukia jiko la kuni. Birika lilikuwa bado vuguvugu, na sakafuni kando yake palikuwa na beseni la maji meusi.

Aliinua sauti. "Sherifu, njoo hapa. Hii ndiyo iliyoua. Na aliyeua ameiosha."

"Bila shaka. Amefuta ushahidi."

"Ushahidi uko wapi kwenye bunduki? Nje au ndani?"

Gentry alikuna kidevu. "Nje. Alama za vidole."

"Nje hajagusa. Angalia, alama zimejaa tele. Na ganda ameliacha sakafuni. Mtu anayejificha hufuta nje na kuokota ganda. Huyu ameosha ndani, pale kutu inapoanzia."

"Unataka kusema nini, Lorna?"

"Kwamba mtu ameua, halafu amechemsha maji, akaiogesha bunduki, akaikausha, akaipaka mafuta na kuitundika. Hakuwa anajiokoa. Alikuwa anaiokoa bunduki."

Sherifu alimtazama kwa muda. "Niambie ulikunywa nini asubuhi, na mimi nikanunue," alisema. Lakini hakumtoa nje.

Lorna alitoka hadi kwenye kisiki.

"Travis, ulifuata nini hapa alfajiri?"

"Bunduki yangu ya marisau, dada Lorna. Kesho ni kufungua msimu. Nimekuta mlango wazi, mzee yuko chini. Nikamwinua, nikadhani anapumua."

"Jana mligombania nini?"

"Alinibadilishia mwaka jana. Sasa inakwama. Nikimwambia, ananijibu eti ubaya si wa bunduki, ni wa mwenyewe. Mbele za watu."

"Unaisafisha lini?"

Travis alitazama viatu vyake. "Nini?"

"Bunduki yako, unaisafisha lini?"

"Si mvua inaipiga?"

Nadine, pamoja na msiba wake wote, alifumba macho kwa aibu. "Lorna, huyu hajawahi hata kuosha sufuria."

Bunduki ya Travis ilikuwa kwenye rafu ya chini. Lorna aliifungua mbele ya Sherifu. Masizi yalikuwa yameganda, majani ya msonobari yalikuwa yamekwama kwenye magazini, na ndani ya bomba la gesi nyigu mmoja alikuwa amejenga nyumba ya udongo, tena nzuri kabisa.

"Mtu huyu," Lorna alisema, "unaniambia ameua baba mkwe, kisha akakaa kuosha bomba la gesi la bunduki isiyo yake?"

Gentry alimtazama nyigu, ambaye alikuwa amekauka zamani.

"Lakini nyigu si ushahidi wa mahakamani," alisema hatimaye. "Una mpaka jioni. Nipe jina jingine, au naondoka na huyu."

Hapo ndipo Lorna alipohisi ile raha yake ya hatari, ya mbwa aliyekwisha kunusa njia. Alirudi kwa Nadine.

"Kuna bunduki moja haina kibandiko. Kitako cheusi, kishikio kipya. Ya nani?"

"Hiyo ni ya marehemu Landon. Mtoto wa Mzee Wendell."

Wendell Pogue alikuwa mwenzake Virgil wa karakana na rafiki yake tangu shuleni. Virgil alibadilisha, Wendell alisafisha na kulainisha; ndivyo walivyogawana kazi maisha yao yote. Mwanawe Landon aliteleza na gari kwenye barafu ya daraja, akafa. Tangu hapo Wendell hakuwinda tena, ila bunduki ya kijana aliiweka karakanani, na kila wiki aliishusha akaipangusa.

"Na Virgil alikuwa akiifanyia nini?"

"Alikuwa akiibadilisha kwa siri. Alisema Mzee Wendell atafurahi kupita kiasi."

Mtaalamu wa maabara wa polisi wa jimbo alifika saa sita, akafyatua risasi moja ndani ya tangi la maji, akalinganisha maganda chini ya hadubini. Alama ya pini inayogonga ganda ilikuwa ile ile. Bunduki ya Landon ndiyo iliyoua. Alama za vidole zilikuwa za Virgil na za Wendell, na hilo halikuthibitisha lolote, kwani kila kitu katika karakana ile kilikuwa na vidole vyao. Kidole cha Travis hakikuwemo.

"Alivaa glavu," alisema Gentry, lakini bila nguvu.

Mzee Wendell hakuwa mtu wa kutafutwa. Alikuwa ukumbini mwa kanisa akikoroga sufuria ya maharage na nyama ya kulungu kwa ajili ya wafiwa. Alipoitwa kituoni alifunika sufuria, akamwambia mama mmoja apunguze moto, akaja. Alisomewa haki zake, akasema wakili wa nini.

"Pole kwa msiba, Mzee."

"Asante, binti."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Siku hizi nachelewa kuamka. Hili bega." Aligusa bega lake la kulia, lililopasuliwa mwaka ule na halikupona vizuri.

"Bunduki ya Landon uliiona mara ya mwisho lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa kama alivyoiacha." Sauti yake haikutikisika, ila mikono aliiondoa mezani.

Lorna aliyaona hayo. Alijua vilevile kwamba hana kitu. Mtu mwenye kiu ya kukamata angepiga meza. Yeye alifunga jalada, akaegemea kiti, akasema kwa upole kama anayezungumza mambo ya pembeni:

"Haya, basi. Ila kuna jambo nasikitika kukwambia, Mzee. Hiyo bunduki ni kielelezo sasa, itakaa stoo mpaka kesi iishe. Na hali yake si nzuri. Mtaalamu ameifungua, kakuta maji kwenye bomba la gesi. Kutu imeshaanza kula."

Wendell aliinua kichwa. "Nani kasema?"

"Mtaalamu wa maabara. Anasema aliyeiosha hakujua kazi."

"Basi mtaalamu wenu mpumbavu," alisema Mzee Wendell, na uso ulimwiva wekundu. "Lile bomba nimelikausha mwenyewe. Nimelipuliza, nimepitisha kitambaa mpaka kikatoka cheupe, nikapaka mafuta. Hakuna kutu mle. Nenda kamwambie aangalie tena."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Nyuma ya kioo, Sherifu Gentry alisahau kutafuna mkate wake.

"Hakuna kutu, Mzee," Lorna alisema. "Nimekudanganya. Ni safi kuliko zote nilizowahi kushika."

Mzee Wendell aliuliza kama angeweza kupata maji. Aliletewa, akanywa yote.

"Nilikwenda mapema," alisema. "Nilitaka kuipangusa kabla wateja hawajajaa. Nikakuta iko mezani, imevaa ule uchafu mweusi. Kile kitako mwanangu alikiteua mwenyewe. Mbao ya mjozi, ule mti wa thamani. Alikichonga alama kwa kisu chake, kulungu wake wa kwanza, wa pili. Nikatazama ndani ya jiko, mbao ya mjozi inawaka."

"Virgil alisema nini?"

"Alicheka. Akaniambia, 'Tulia wewe, kesho utanishukuru.' Nikamuuliza umefanya nini. Akacheka tena. Zile risasi za kijani zilikuwa mezani, alitaka kwenda kuijaribu uani." Alitazama mikono yake. "Sikumbuki kupakia. Nakumbuka mlio."

"Kisha ukachemsha maji."

"Zina chumvi zile, binti. Ningeiachaje? Ni ya mtoto."

"Na Travis? Ungemwacha aende akauawe?"

"Nilijiambia nitasema kesho. Baada ya kufungua msimu." Alitikisa kichwa, kana kwamba hata yeye hakujiamini. "Ndivyo nilivyojiambia."

Lorna alikuwa ameshinda, na kwa dakika moja alijisikia mrefu kama mlingoti. Alitoka, akamwambia Gentry lete funguo. Sherifu alifungua pingu za Travis kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia neno moja tu, samahani, ambalo Bramlett hawajawahi kumsikia akilisema.

Nadine alikuwa akingoja kwenye benchi la ukumbi wa kituo. Alimkumbatia mumewe kwa nguvu mpaka wote wawili wakayumba. Kisha akauliza ni nani. Lorna alimwambia ni nani na kwa sababu gani, bila kuzungusha, kwa kuwa ilikuwa haki yake.

Nadine alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kwenye gari lao, akarudi amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa shati la zamani la baba yake.

"Nataka kumwona."

"Nadine, sidhani kama..."

"Nataka kumwona, Lorna."

Aliingia chumba cha mahojiano, akakiweka kile kitu mezani, akalikunjua lile shati. Kilikuwa kitako cha mbao ya mjozi, kimelainishwa upya kwa mafuta, na ubavuni kilikuwa na alama za kisu.

Mzee Wendell alikipapasa kwa kidole alama moja moja.

"Baba alinipa nimfichie garini," Nadine alisema. "Alisema bega lako limekufa, huwezi tena kubeba uzito huu. Alitaka kukupa bunduki nyepesi urudi porini, na hiki akitundike juu ya mlango wa kambi yenu ya kuwindia, uwe unakiona."

"Basi iliyokuwa ikiwaka jikoni ilikuwa nini?"

"Kitako cha mteja, Mzee. Alivichoma kila siku. Unajua alivichoma kila siku."

Mzee Wendell alikishika kile kitako kwa mikono miwili.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alitaka iwe kesho," Nadine alisema, akalichukua shati la baba yake na kutoka.