Gauni la Kijani la Buguruni

Kila Jumamosi asubuhi Marietha alifua sare za binti yake. Alifagia uwanja, akateka maji, akaloweka maharage jikoni. Kisha alijifunga kanga safi, akatoka Ukonga kwenda Buguruni kuchagua mitumba.

Marietha alikuwa mwalimu wa chekechea. Siku tano za wiki aliimba na watoto wa watu na kuwafuta makamasi. Jumamosi ilikuwa siku yake. Alipenda kusimama mbele ya rundo la nguo na kuzamisha mikono yote miwili. Nguo zilikuwa baridi na laini. Aliposhika moja, mawazo yalimchukua. Koti hili lilikuwa la nani? Huko lilikotoka mvua ilikuwa inanyesha? Mwenye koti alilichoka, au alinenepa likambana?

"Mwalimu, umelala umesimama?" Mashaka, muuzaji, alimtania.

"Nipo, kaka. Nachagua."

"Unachagua au unaota?"

Marietha alicheka. Alikuwa anaota kweli.

Jumamosi moja Mashaka alifungua belo jipya. Nguo zilimwagika juu ya turubai, na wanawake wakazivamia. Katikati ya nguo zile Marietha aliona kipande cha kijani. Alikivuta taratibu. Likatoka gauni refu lenye maua meupe madogo, mikono mipana na vifungo mbele.

Akalisogeza karibu na uso.

Mama yake Marietha alifariki kule Mbinga, Marietha akiwa na miaka saba. Sura yake ilikuwa imeanza kufifia kichwani, kama maandishi ya chaki yaliyopitiwa na mkono. Lakini gauni lake la Jumapili Marietha alilikumbuka vizuri. Lilikuwa la kijani, lenye maua meupe. Alipokuwa mdogo alijificha ndani yake wakati wa mahubiri marefu, akaiona dunia yote kuwa ya kijani.

Hakuligeuza gauni lile. Hakutazama kwapa wala mishono. Alilikumbatia tu.

"Hilo la kizamani, dada," Mashaka alisema. "Siku hizi hawashoni hivi."

"Nalichukua," Marietha alijibu, akatoa pesa.

Alipofika nyumbani alibandika maharage, kisha akalivaa gauni. Lilimkaa kama aliyepimwa. Anjelina, binti yake wa miaka sita, alipanda mapajani akalaza shavu kifuani kwa mama yake.

"Mama, unanukia duka," Anjelina alisema.

"Nanukia zamani," Marietha alimjibu.

Mchana ulikuwa wa joto. Upepo uliingia dirishani, ukatikisa pazia, ukatoka. Marietha alifumba macho. Alisikia kengele ya kanisa la Mbinga, mbali sana, ng'ambo ya milima. Alisikia mtu akimwita kwa jina lake la utotoni. Mama na mtoto wakalala hivyo hivyo kwenye kiti. Maharage yakaungua jikoni, na hakuna aliyejali.

Tangu siku hiyo, kila akirudi kutoka kazini, Marietha alivaa gauni lake. Hakulifua. Aliogopa maji yataondoa kitu ambacho hakuweza kukitaja.

Siku tatu za kwanza alijikuna kidogo shingoni. Akasema ni joto. Wiki ilipopita, makwapa yalianza kuwaka moto. Wiki ya pili Anjelina alitokewa na duara jekundu shavuni, lenye magamba pembeni. Alijikuna mpaka damu ikatoka. Mwalimu wake akamrudisha nyumbani.

"Watoto wenzangu hawataki kukaa na mimi," Anjelina alilia.

Leodegar, mume wa Marietha, alikuwa karani wa ghala. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ile alimtazama mtoto, kisha akalitazama gauni.

"Mke wangu, hilo gauni lina mwenyewe," alisema. "Pengine amekufa. Anadai kilicho chake. Lichome moto."

"Baba Anjelina, usiseme hivyo."

"Shida hii imeingia na gauni. Itoke na gauni."

Marietha aliushika mkono wa Anjelina asijikune. Mtoto alikuwa anateseka mbele ya macho yake. Asubuhi alilikunja gauni, akachukua kiberiti, akaenda kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Aliwasha kijiti cha kwanza. Upepo ukakizima. Akawasha cha pili. Alikishika tu huku akilia, nacho kikazima.

"Mwalimu, unachoma nini?"

Ilikuwa sauti ya Mama Lusungu, jirani yao, mama wa makamo kutoka Tukuyu. Alikuwa amefanya kazi ya udobi hospitalini miaka ishirini, akifua mashuka na nguo za wagonjwa. Alisimama upande wa pili wa ukuta mfupi, akianika kanga zake.

"Shikamoo, Mama Lusungu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

Marietha alimweleza yote, tangu Mbinga mpaka Buguruni, mpaka shavu la Anjelina. Mama Lusungu alizunguka akaja. Alilichukua gauni, akaligeuza nje ndani, akalinyanyua juani.

"Ulilifua kabla ya kulivaa?"

"Hapana, mama."

"Hata mara moja?"

"Niliogopa. Lina harufu. Nikiivuta naona kama mama yupo."

Mama Lusungu alilinusa gauni. Kisha alisema kwa upole, "Mwanangu, harufu hiyo si ya mama yako. Ni ya dawa. Nguo zikifungwa kwenye belo, zinapigwa dawa zisiliwe na wadudu. Mie naijua harufu hiyo."

Marietha aliinamisha kichwa. Moyoni alijua ni kweli. Alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa chepesi zaidi.

"Sasa nisikilize," Mama Lusungu aliendelea. "Hapa hakuna mzimu. Nguo hii imekaa gizani miezi. Ina vumbi, ina dawa, imeshikwa na kujaribiwa na watu wengi. Wengine wana fangasi. Ngozi yako imekataa dawa. Ya mtoto, nadhani imepata fangasi. Lakini mie ni dobi, si daktari. Mpeleke zahanati leo. Gauni niachie, tutalifua pamoja mkirudi."

Kwenye zahanati, tabibu alilitazama duara la Anjelina, akasema ni fangasi kweli. Alitoa dawa ya kupaka.

"Mpake mpaka siku nilizoandika ziishe," alisema. "Hata duara likipotea mapema, msiache. Taulo lake liwe lake peke yake. Mashuka yafueni."

Kisha alimtazama Marietha shingoni. "Wewe ni mzio tu, ngozi imekataa dawa ya nguo. Nguo ikifuliwa vizuri, utapona."

Walipofika nyumbani, Mama Lusungu alikuwa ameshabandika sufuria ya maji. Leodegar naye alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama.

"Kwanza tunalikung'uta nje, mbali na chumba," Mama Lusungu alisema. "Sasa soma lebo ya shingoni. Unaona picha ya beseni? Beseni lingekuwa limekatwa kwa alama ya X, tusingelitia gauni majini. Hili ni pamba, linavumilia maji ya moto. Sufu na hariri hazitaki moto, zinasinyaa."

"Na rangi?"

"Lowesha kitambaa cheupe, sugua pindo kwa ndani. Kitambaa kikibaki cheupe, rangi haitoki."

Kitambaa kilibaki cheupe. Wakaliloweka gauni kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga. Baada ya muda Marietha alilinyanyua. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi.

Leodegar alisogea. "Yote hayo yametoka humo?"

"Ndiyo, baba," Mama Lusungu alijibu. "Huyo ndiye mzimu wako."

Leodegar alikuna kichwa. Kisha akachukua ndoo bila kuambiwa, akaenda kuteka maji ya kusuuzia.

Walisuuza mpaka maji yakawa safi. Walilianika juani, limegeuzwa nje ndani. Jioni Marietha alilipiga pasi ya moto, akikandamiza sana kwenye mishono na kwapa.

Alipomaliza, alilinusa. Lilinukia sabuni na jua. Alingoja kuona kama atahuzunika. Akafumba macho. Maua meupe yalikuwa pale pale, na kengele ya Mbinga ililia vile vile, ng'ambo ya milima.

Anjelina alipona. Alirudi shule, na rafiki zake wakarudi kukaa naye. Shingo ya Marietha ikawa laini.

Jumamosi iliyofuata Marietha na Mama Lusungu walikwenda Buguruni pamoja. Mama Lusungu hakuwa na haraka. Kila nguo aliigeuza nje ndani. Alitazama kwapa, kola na mishono. Alifunga zipu na kuifungua. Alinusa, na yenye harufu ya uvundo aliirudisha. Blauzi aliijaribu juu ya nguo yake mwenyewe.

"Na hizi, mama?" Marietha alionyesha rundo la nguo za ndani.

"Hizo tunanunua mpya, hata kama ni moja. Nguo ya ndani ya mtu mwingine haivaliwi."

"Leo mwalimu kaja na mkaguzi!" Mashaka alicheka.

"Aote tu," Mama Lusungu alimjibu. "Ila aote akiwa macho."

Wiki chache baadaye Marietha alikuwa ameketi kibarazani, amevaa gauni lake la kijani. Alimwona Leodegar anakuja, amebeba koti la kahawia la mtumba mkononi. Lilikuwa koti zuri la kizamani, lenye vifungo vya mbao. Macho ya Leodegar yalikuwa mbali, kama ya mtu anayesikiliza muziki.

"Lilikuwa la nani, unadhani?" aliuliza.

"La mpiga tarumbeta," Marietha alisema.

"Au dereva wa treni."

Leodegar alifika mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti. Akasimama, akalitazama koti, akaurudisha mguu nje.

"Mama Anjelina," aliita, "ndoo iko wapi?"