Mpira Chini ya Jezi

"Neide, mbona hukutuambia?"

Aliyeuliza ni shangazi yangu Marlúcia, mkasi bado uko mkononi na machozi yameshamlenga. Mashine zote nne za kushonea zilikuwa zimenyamaza. Hapa Toritama mashine za jeans hazinyamazi hata Jumapili, maana Jumatatu ni siku ya soko, lakini goli la Josivan lilizinyamazisha.

Mimi nilikuwa nimekodolea macho televisheni. Josivan, mchumba wangu, alikuwa anakimbilia kwenye kona ya uwanja, mpira wa mechi ameutia chini ya jezi, tumbo limemtoka mbele kama la mwezi wa nane, kidole gumba kiko mdomoni. Kila mtu huku kwetu anajua maana yake. Mchezaji akifunga akafanya vile, mwanamke wake ana mimba. Mtangazaji naye hakujizuia, akatangazia jimbo zima la Pernambuco kwamba Tanajura anakuwa baba, na kwamba anampongeza mchumba wake huko aliko.

Tanajura ndilo jina lake la uwanjani. Ni yule kumbikumbi mnene wa mvua za kwanza, tunayemkaanga na kumla na unga wa muhogo. Walimpa jina hilo utotoni kwa sababu ya makalio yake makubwa, na hajawahi kuliona kama tusi.

Shida ilikuwa moja tu. Mimi sikuwa na mimba.

Niliwahi kuwa nayo miaka miwili nyuma, ikatoka mwezi wa nne. Tangu hapo, kimya. Na mimi ndiye niliyemwambia Josivan kwamba ofisi ya ndoa sitaikanyaga mpaka tumbo lionekane, kwa sababu sitaki mwanaume aje anilaumu uzeeni. Kila alipoomba tupange tarehe nilimpa jibu hilohilo. Alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa, anaenda mazoezini.

Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. "Hongera mama kijacho, tumeona!" "Wa kike au wa kiume?" Hata yule mwanamke anayetuuzia vifungo aliandika: "Nilisema mimi, mbona kanenepa."

Nikamwambia shangazi aache kulia, tumboni sina kitu zaidi ya kuskusi ya mahindi niliyokula asubuhi. Uso wake ukabadilika taratibu. Akaweka mkasi chini.

"Basi ni ya nani?"

Hapo ndipo moyo uliponichoma.

Niwaambie Josivan ni mtu wa namna gani, msije mkamchukia kabla ya wakati. Ni beki wa kati wa klabu ya Tecelões ya Caruaru. Ana miaka ishirini na minane, kumi na moja kati ya hiyo ameitumia uwanjani, na katika miaka hiyo alikuwa amefunga magoli mawili. Lile la leo lilikuwa la tatu. Si mtu wa magoli. Kazi yake ni kuwazuia wengine wasifurahi. Amechezea vilabu tisa, vingi vya aina ile inayokuchukua kwa ligi ya jimbo, miezi mitatu au minne, kisha kila mtu anashika njia yake. Msimu ukiisha anarudi hapa anabeba majora ya kitambaa begani, na mtu akimuuliza kazi yake anajibu mpira, bila kusitasita. Huko jimbo la Sergipe aliwahi kumaliza dakika tisini akiwa na nyuzi sita kwenye paji la uso, akaja nyumbani akaniomba msamaha kwa kuharibu picha za harusi. Harusi ambayo mimi ndiye nilikuwa naikataa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa kwenye televisheni ananyonya kidole kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua.

Sikusubiri mechi iishe. Nilipandisha mitaa miwili hadi kwa mama yake, Bi Quitéria. Nilikuwa naenda kumuaga. Mwanawe sikuona haja ya kumuaga, lakini yule mama, mimba yangu ilipotoka, alihamia kwangu siku tatu nzima, akanilisha kwa kijiko, akaniosha nywele. Huwezi kumwacha mtu kama huyo bila neno.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, viganja viwili viko mdomoni, televisheni ameizima. Pembeni yake alisimama Mzee Abdias, muuza maji ya miwa wa sokoni, mjane mwenzake, kofia ameishika kifuani. Nikadhani wote wawili wanamwonea Josivan aibu.

"Umeona, mama."

"Nimeona, mwanangu."

"Nimekuja kukuaga. Huyo aliyempa mimba amuoe, mimi sitagombana na mtu. Ila wewe nakushukuru."

"Kaa kwanza, Neide."

"Sikai. Unamjua huyo mwanamke?"

Akarudisha viganja mdomoni.

"Unamjua. Unamjua, na Jumatano ulinikaribisha hapa tukala pamoja."

Mzee Abdias alikohoa, akasema labda aseme yeye. Bi Quitéria akamwambia anyamaze, tumbo si lake. Kisha akaondoa mikono mdomoni, akaiweka mapajani.

"Ni mimi," alisema.

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka. Halafu nikalitazama gauni lake, lile pana alilokuwa analivaa mwezi mzima kwa kisingizio cha joto, na nikamtazama Mzee Abdias, mzee wa watu, masikio yamemwiva. Nikakaa bila kuambiwa tena.

Akanieleza. Ana miaka arobaini na minne. Alidhani hedhi imekoma kwa umri, kumbe ni mtoto. Jana Josivan alipopita kabla ya kwenda kambini ndipo alipomwambia, akalia mbele yake, akamuuliza watu watasema nini juu ya mjane ambaye mwanawe mkubwa ana ndevu. Josivan akamshika mikono, akamwambia hilo la watu amwachie yeye, atalisema kwa furaha kabla wao hawajalisema kwa umbea.

"Sikujua atalisema mbele ya watu elfu kumi na mbili," Bi Quitéria alisema. "Nilipomwona na ule mpira nikajua moja kwa moja. Nikajua pia wewe utaelewa nini. Nikazima."

"Na mimi kwa nini nisiambiwe? Una miezi mingapi?"

"Minne."

"Miezi minne yote, mama."

Alininyooshea viganja vyake.

"Mimi ndiye niliyefua yale mashuka yako, Neide. Kwa mikono hii. Nilijaribu mara tatu kukuambia. Ningeanzia wapi kukuonyesha tumbo langu?"

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake cha plastiki, nikaweka kichwa changu juu ya magoti yake, nikalia kilio ambacho sikukimaliza miaka miwili iliyopita. Naye akalia. Mzee Abdias akakimbilia jikoni kupika kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Saa kumi na mbili jioni simu yangu ikatetemeka tena. Safari hii alikuwa Josivan.

"Kila mtu hapa ananipongeza kwa mimba yako. Hata kocha. Neide, nimefanya ujinga mkubwa. Usiende popote, nakuja."

Alifika kwa pikipiki ya kipa wao, bado kavaa soksi za mechi, nyasi zimemganda gotini. Akasimama mlangoni, akamtazama mama yake, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akajua kwamba limeshasemwa.

"Nilipanga kukuambia leo jioni," alisema. "Sikupanga kufunga goli."

Mzee Abdias alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi Quitéria naye alicheka. Mimi nilimshika Josivan mkono, nikampeleka uani penye karo la kufulia, maana nilikuwa na neno langu na halikuwa la kusemwa mbele ya watu.

"La mama nimelielewa," nilimwambia. "Umefanya vizuri, hata kama umefanya vibaya. Lakini nilikuona uso. Miaka sita niko na wewe, sijawahi kukuona na uso ule."

Akaanza kubandua nyasi gotini.

"Unamtaka mtoto, Josivan."

"Namtaka."

Angeweza kunidanganya. Mwanaume mwingine angenidanganya, na mimi ningemshukuru, kisha nisingemwamini tena maisha yangu yote. Yeye hajui kudanganya, hata uwanjani hajui kujiangusha.

"Na mimi sina hakika kama nitakupa."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Alikaa kwenye ukingo wa karo, akaanza kuvua soksi taratibu, kama anavyofanya akitafuta maneno.

"Nimechezea vilabu tisa, Neide. Kila kimoja kilinichukua kwa majaribio, kikanipima, kikaniambia kwaheri. Kwako ndipo mahali pekee ambapo sijawahi kupimwa. Nikija nimeshinda nakuta chakula, nikija nimefungwa manne nakuta chakula. Sasa wewe, miaka miwili hii, unajipima mwenyewe. Kila mwezi unajipima, kisha unajikata kwenye kikosi. Nani alikutuma? Mimi sikukutuma."

"Nilitaka usije ukajuta."

"Mtoto akija nitafurahi, nitakimbia huku na huku kama mwehu, umeshaona. Asipokuja nitakuwa na mke niliyemtaka. Lakini nikimkosa mke kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo, hapo nitakuwa nimekosa vyote. Na nitakuwa nimekosa kwa uamuzi wako, si wangu."

Nilisimama pale nikimtazama. Kovu la Sergipe lilikuwa linaonekana vizuri kwenye mwanga wa jikoni. Nilimpenda mtu huyu tangu alipokuwa hana timu, nikampenda akiwa na timu mbovu, na siku zote nilidhani mimi ndiye ninayemvumilia yeye. Kumbe alikuwa ananisubiri, bila kulalamika, kama anavyosubiri mpira wa juu ushuke.

Nikajifuta uso kwa aproni.

"Kesho mna mazoezi?"

"Kesho mapumziko."

"Msajili wa ndoa anafungua saa ngapi?"

Huyuhuyu aliyepiga kichwa katikati ya mabeki watatu mbele ya uwanja mzima, alibaki na soksi moja mkononi, ananitazama mimi tu.

"Saa mbili asubuhi," Bi Quitéria alijibu kutoka dirishani, bila hata kujifanya hakuwa anasikiliza. "Na mashahidi wawili mnao hapa."