Mchicha Uliofichwa

Kila jioni, mama akiwa bado kwenye cherehani yake chumba cha mbele, Chiriku alikuwa jikoni akihangaika na ulaji wa watu wa nyumba ile. Na ulaji wao, jamani, ulikuwa na masharti kama dawa ya mganga. Baba akiona kipande cha kitunguu, anakisogeza ukingoni mwa sahani. Mdogo wake Chiriku, waliyembandika jina la Bwana Sitaki, hakutaka chochote cha kijani wala chenye harufu ya maini.

Kisha muuguzi wa zahanati akampima mtoto huyo, akasema damu imepungua. "Ale maini na mboga za majani," alimwambia mama. "Akirudi na hali hii, tutamlaza."

Ndipo Chiriku alipobuni mapishi yake. Alikaanga vitunguu mpaka vikayeyuka, baba asivione. Akachemsha maini na mchicha, akavisaga pamoja na nyanya, akavimimina kwenye mchuzi wa maharage. Bwana Sitaki akala, akaomba tena. Siri hiyo waliijua mama na binamu yao aliyeishi nao, ambaye kazi yake ilikuwa kupakua.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. "Asante, binti yangu, chakula kitamu," baba alimwambia binamu kila alipowekewa sahani, akidhani ndiye mpishi. Bwana Sitaki naye akaja na lake: "Akipakua yeye ndiyo kinanoga." Binamu, mpole wa watu, alitabasamu tu. Chiriku, aliyenuka vitunguu mpaka kwenye nywele, roho ilimuuma. Jasho lake, sifa za mwenzake! Ikafika mahali binamu akikohoa tu, Chiriku anakasirika.

Jioni moja baba akamwonyesha binamu kwa kidole, akasema, "Huyu nitamnunulia viatu vipya. Amemrudishia mtoto hamu ya kula."

"Kafanya nini yeye?" Chiriku akafoka. "Kubeba sahani? Mimi ndiye ninayepika. Mimi ndiye ninayesaga mchicha na maini humo ndani."

Bwana Sitaki akashusha kijiko. Akachungulia bakuli lake, akalisukuma. "Mmenidanganya," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Tangu hapo kila kitu alikinusa kwanza, kisha akakikataa. Akawa anachoka hata kupanda ngazi za nyumbani. Chiriku alimtazama akilala mchana wakati wenzake wanacheza, na hofu ikamshika. Siku ya kumrudisha kwa muuguzi ilikuwa inakaribia.

Akamwendea binamu. Maneno yalimtoka kwa shida. "Mimi hanitaki. Wewe anakusikiliza. Nisaidie umlete jikoni."

Binamu hakumsimanga. Alimleta mtoto amembeba mgongoni.

"Leo sikufichi kitu," Chiriku akamwambia mdogo wake. "Onja. Usichokitaka tunabadilisha."

Wee, alionja kama jaji! Maini ya kuchemsha akayakataa. Ya kukaanga kwa limau akayatafuna taratibu, akamaliza. Mchicha akaukubali ulipokatwa mwembamba na kuchanganywa na yai, alilolikoroga mwenyewe mpaka likamwagika mezani. Jioni akabeba sahani kwa mikono miwili.

"Nimepika mimi," akatangaza, akala yote.

"Kumbe mpishi tunaye," baba akasema. "Wengine wapumzike sasa."

Chiriku akafungua mdomo. Wivu uleule ulimpanda. Akamtazama mdogo wake akitafuna mchicha, akajimiminia maji, akanywa.

Muuguzi alipompima tena alisema damu inapanda, hakuna haja ya kumlaza. Wakati wa kurudi nyumbani, mama alimshika Chiriku mkono, wakabaki nyuma kidogo.

"Nilikuona juzi ulipojizuia," alisema. "Ulistahili shukrani, nami nilichelewa kukupa. Asante, mwanangu. Siku nyingine ukiumia moyoni, njoo uniambie mimi. Chakula tunakipika kiliwe, hatukipiki tusifiwe. Sifa usizidai kwenye sahani ya mgonjwa."