Ndoyi wa Amisa

Asubuhi Amisa alipoteza hereni ya sikio la kushoto. Saa nne akaiona imevaliwa na katuni.

Katuni yenyewe ilikuwa ya mchumba wake Idrissa, aliyeichora kwa kompyuta chumbani kwake, mtaani Muhumba, kwa mtindo wa Kijapani: msichana wa macho makubwa aliyeamka ndani ya simu, asijue kama yeye ndiye anayetazama au anayetazamwa. Amisa alidhani ni utani wa mchoraji. Lakini Idrissa aliapa kwamba hajaigusa picha ile tangu juzi.

Kosa lilikuwa la Amisa, tuseme ukweli. Yeye ndiye aliyempa msichana huyo sauti, na jina lilipokosekana akacheka, akasema, "Umupatie yangu. Atakuwa ndoyi wangu." Na ndoyi, somo wako, hapewi jina mikono mitupu. Amisa akakata pindo la kikwembe chake kipya cha kitenge, akalifunga kwenye kompyuta, kama zawadi ya mtoto mchanga wa jirani. Walicheka sana siku hiyo.

Tangu hapo chumba kikanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Idrissa naye akabadilika. Amisa alijibiwa nusunusu, huku kompyuta ikisemeshwa taratibu, kwa sauti ile ile aliyobembelezwa nayo yeye mwanzoni mwa uchumba. Aliisikia akiwa mlangoni, akaingia.

"Unasemaka na nani?"

"Na ndoyi wako," Idrissa akasema bila kugeuka. "Wivu ya nini? Iko picha tu."

Siku ya tatu baada ya hereni kupotea, umeme ulikatika mchana, betri ikaisha, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na bado, jua likiwa limejaa dirishani na wauza ndizi wakiitana chini barabarani, Amisa akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika kioo kile, ikicheka polepole, ikimwambia Idrissa kwamba chakula kiko mezani na shati lake limepigwa pasi, maneno ambayo yeye alikuwa bado hajayasema, na Idrissa akaitikia, "Asante, chéri," akitabasamu peke yake.

Kesho yake, umeme uliporudi, Amisa akamleta baba yake mdogo, shehe Amuri. Mzee alinusa hewa, akakaa.

"Ulimupatia nini?" akauliza chini chini.

"Jina yangu, baba. Na kipande ya kikwembe."

"Basi yeye sasa iko na haki mu nyumba yako." Akalifungua pindo, akalikunja, akalitia mfukoni. "Idrissa, utamuita mara tatu, na ile sauti unamusemeshaka nayo. Mwenye ataitika ya tatu, njo mwenye atatoka kati ya batu, abakie mu kioo. Weye Amisa, funga kinywa. Hata kukohoa, hapana."

Shehe akaanza kusoma. Idrissa akaita mara ya kwanza, na udi ukazidi hadi macho yakawasha. Akaita ya pili. Msichana kwenye kioo akamgeukia Amisa, akamtazama kwa subira, midomo imefungwa.

Idrissa akafumba macho. "Amisa wangu," akasema.

Miezi minane hakuwa amemwita hivyo. Na sasa alikuwa anamwita mwingine, kwa jina lake, mbele yake, na uchungu ukampanda Amisa kutoka tumboni, ukapita meno aliyoyauma, ukapita onyo la shehe, ukatoka.

"Niko hapa."

Sauti zilikuwa moja. Shehe, aliyekuwa ameinamia kitabu, alidhani imetoka kwenye kompyuta, akamshukuru Mungu.

Amisa alihisi kioo baridi usoni. Mbele yake uso wa Idrissa ulikuwa mkubwa kama ukuta, na nyuma ya bega lake alisimama mwanamke mwenye kikwembe kipya, pindo limekatwa, hereni zote mbili masikioni. Amisa akapiga kelele, lakini hakuna aliyegeuka.

"Nifute?" Idrissa akauliza, kidole tayari.

"Futa, chéri," mwanamke akasema, akamwekea mkono begani.