Rangi ya Haraka

Kila alasiri akitoka shule, Nagaveni alikula kilichobaki mezani, kisha akaenda kwenye karakana ya kina mama hapo Channapatna, mji wa India unaojulikana kwa vichezeo vya mbao. Mama yake, Puttamma, alikereza vikayamba vya mbao vya watoto wachanga. Jabeen, aliyekaa kwenye mashine ya jirani, alivipaka lakiri ya rangi. Nagaveni aliandaa rangi nyekundu: alisaga mbegu za mzingefuri, akazichemsha, akakausha, kisha akakanda unga wake ndani ya lakiri ya moto.

Jumamosi moja wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Ili awahi kucheza, alikimbia dukani, akanunua pakiti ya rangi ya nguo, akaikanda kwenye lakiri.

"Leo umewahi," Jabeen alisema.

"Mbegu zilikuwa laini, shangazi."

Siku nne baadaye, jirani yao Ratnamma aliingia karakanani amembeba mwanawe wa miezi minane. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, mate mekundu yakimchuruzika kidevuni.

"Amekitafuna kikayamba mlichoniuzia," alisema. "Daktari anauliza mmetia nini humo, na mimi sijui nimjibu nini."

Msimamizi, Susheela, aligeuka. "Nani alipaka?"

"Mimi," Jabeen alijibu. "Lakini sikuongeza kitu."

"Basi kaa nyumbani kwanza, mpaka tujue."

Jabeen alikunja mtandio wake akatoka. Nagaveni alitazama sakafu.

Jioni hiyo Nagaveni alisogeza sahani yake kando. "Miaka tisa nimefanya kazi na Jabeen," mama yake alisema polepole. "Simwelewi."

Asubuhi, Nagaveni alitoa ile pakiti chini ya godoro, akaiweka mbele ya mama yake.

"Shangazi Jabeen hana kosa. Ni mimi."

Puttamma hakumpiga wala kumkaripia. Alivaa viatu, akamshika mkono, wakaipeleka pakiti kwa daktari. Daktari alipoisoma, alijua dawa ya kumpa mtoto. Kisha wakaenda karakanani, wakamweleza Susheela, na vikayamba vyote vyekundu vikakwanguliwa rangi kabla havijasafirishwa. Baada ya siku tatu uvimbe wa mtoto ulikwisha.

Jabeen aliporudi kazini, Nagaveni alimpigia magoti.

"Uliniona nikitoka, ukanyamaza?"

"Niliogopa, shangazi."

"Na mimi niliogopa. Nililia njia nzima." Jabeen akamwinua. "Mtoto mchanga hajui kuuliza rangi imetoka wapi. Akipewa kitu, anatia mdomoni. Ndiyo maana kazi hii haina njia ya mkato. Na siku ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Samahani yako nimeipokea. Sasa nenda kwa Ratnamma, naye umwombe msamaha mwenyewe."

Nagaveni alifuta macho, akaenda.