Nyuma ya Baba Mkwe

Haya yalimpata Tabea wa Lyamkena, jirani yake mama yangu, enzi za Mwingereza. Asubuhi hiyo alishuka Njombe kutoka kwenye lori la magome ya miti ya miwati, akajikung'uta vumbi, akaanza kuutembea mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Wala hakuuliza njia. Mumewe Kefa alikuwa akifyatua matofali huko, na kila akirudi nyumbani alimtembeza mkewe kwa maneno tu, jikoni, viazi vikichemka.

"Unaanzia bomani, mama Idda. Unaipa bendera mgongo, unashuka na maduka ya Wahindi. Kwenye baraza la mlango wa bluu yupo fundi cherehani, mwongo yule, usimwamini. Halafu soko. Halafu daraja. Ng'ambo ndiko kanisa letu, na makaburi nyuma yake."

Sasa Kefa alikuwa amekufa. Ndivyo alivyosema baba yake, mzee Enoki, aliporudi peke yake kutoka Njombe na kutangaza kwamba ameshazikwa. Hakuna mwingine wa nyumbani aliyeuona mwili. Ukoo ukakata shauri: Jumapili Tabea arithiwe na shemeji yake Yoramu. Tabea akasema moyoni, kwanza nilione kaburi. Nisipoliona, siwi mke wa mtu.

Boma lilikuwa palepale alipoliweka Kefa. Maduka nayo. Na fundi naye, barazani, akikanyaga cherehani yake.

"Ndiwe mama Idda? Kefa alikusifia hata nikadhani anasema uongo!"

"Kumbe mwongo si wewe?" Tabea alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Shemeji, wamemzika wapi?"

Cherehani ikanyamaza. "Wamemzika nani?"

"Kefa."

"Usinitanie, shemeji. Kapita hapa sasa hivi na mzee wake. Nimemwita, hakuitika. Nikasema, huyu siku hizi anaringa."

Mwongo yule, Tabea akajiambia. Lakini mikono ya fundi ilikuwa inatafuta sindano iliyokuwa mdomoni mwake mwenyewe.

Sokoni, mama mmoja Mkinga aliyeitwa Dorkasi alimvuta kanga, akamketisha nyuma ya magunia yake ya viazi.

"Ndiwe mkewe? Sema polepole. Nimemwona. Nimemwamkia kamwene, akafumbua kinywa tu. Dada, mle ndani hamna ulimi."

Tabea alitaka kuinuka, Dorkasi akamrudisha chini.

"Shamba la mkweo analima nani?"

Hapo ndipo Tabea alipokumbuka. Tangu msiba, ulezi wa mzee Enoki ulikuwa ukikutwa umepaliliwa kila kukicha. Watu walimsifu mzee kwa nguvu zake. Yeye Tabea ndiye aliyempelekea togwa ampongeze.

"Wamemfanya msukule," Dorkasi akanong'ona. "Watu wanaona amekufa, kumbe kafichwa atumikishwe. Kwetu wanasema mkewe anaweza kumrudisha. Amtazame machoni, amwite jina. Basi. Lakini machoni, dada. Usitazame pengine."

Tabea aliondoka mbio. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Njombe unaomeza mchana. Kanisa halikuonekana. Daraja alilijua kwa sauti ya maji, akakanyaga mbao zake.

Akasikia kikohozi. Cha mzee Enoki.

Desturi ya kwetu mnaijua. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni. Anampisha njia, anapiga magoti, anainamisha kichwa. Tangu aolewe Tabea hakuwahi kujua mzee yule ana macho ya namna gani. Hata sasa miguu yake ilimsogeza pembeni yenyewe. Magoti yakakunjika yenyewe.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kutembea mjini?"

"Nimekuja kuona kaburi."

"Kaburi limeshaota majani. Rudi. Yoramu anakungoja."

Chini ya macho yake kulikuwa na miguu ya mzee. Nyuma yake miguu mingine. Mipana, imejaa udongo mweupe wa kufyatulia matofali. Wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Kidole kile kilikatwa na jembe, na Tabea ndiye aliyelifunga jeraha kitambaa.

Inua kichwa, akajiambia.

Alisikia pumzi. Fupi. Kama ya mtu aliyebeba mzigo.

Inua.

Shingo ikagoma. Jina likapanda mpaka kooni. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka mbele ya baba mkwe.

"Inuka uende, mwanangu," mzee akasema kwa upole.

Akainuka. Macho chini. Akageuka. Kitu kikamshika pindo la kanga. Miiba, akawaza. Akavuta. Kikashikilia. Akavuta kwa nguvu zote, kikaachia. Akaenda.

Alipogeuka kutazama, palikuwa na ukungu na mgongo wa mzee Enoki, peke yake.

Pale alipochomoa kanga hapakuwa na kichaka. Palikuwa na mbao za daraja, tupu.

Jumapili alirithiwa. Alimpikia Yoramu, akamzalia. Baadaye mzee Enoki akafa, na siku ya kumzika ndipo Tabea alipomtazama usoni. Mama yangu anasema alimtazama mpaka watu wakamwondoa.

Kanga ile aliikunja, akaiweka sandukuni. Kwenye pindo kulikuwa na alama ya vidole, udongo mweupe. Mama aliiona kwa macho yake, Tabea akiwa ameshazeeka. Akaigusa.

Udongo ulikuwa bado mbichi.